Kabla hujafungua ofisi ya kushea, tafuta watu kwanza

Usikimbilie kulipia jengo na kununua meza. Hata Brad Neuberg, mtengeneza programu wa Marekani, alipoanzisha yake San Francisco mwaka 2005 ilikuwa siku 2 tu kwa wiki, na mwanzoni hakuna aliyetokea.

Fungua grupu la WhatsApp, tafuta kama watu 10 wanaofanyia kazi nyumbani, mkutane kila wiki sehemu yenye intaneti, halafu we angalia tu: nani anatoka nje kila akipigiwa simu, nani anagombania soketi, nani anaondoka saa nane kumfuata mtoto shule, maana hayo ndo yatakwambia utengeneze nini.

Laiki zisikudanganye, "wazo zuri sana" kila mtu anasema. Omba hela kidogo ya kushika nafasi, usipofungua unarudisha. Wakilipa wawili tu, subiri kwanza.