Miche ya mikarafuu ya serikali: tayarisha shamba kabla hujaenda kuichukua

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar hutupa wakulima miche ya mikarafuu bure. Kwetu Pemba, penye vilima vingi, ruzuku hii ni ya kuhifadhi ardhi pia: mizizi ya mkarafuu hushika mteremko ambao ukilimwa muhogo kila mwaka huoshwa na mvua. Lakini mara yangu ya mwanzo nilichukua miche 60, nikaipanda masika yanaishia, bila kivuli. Kufika Februari ilibaki 11. Tangu hapo naanza na shamba.

1. Sheha, kisha bibi shamba. Shamba likiwa la eka tatu za serikali, zile zilizogawiwa baada ya Mapinduzi, au urithi wenye ndugu wengi, malizeni kabisa kwa sheha, mkuu wa shehia yenu, nani mwenye usemi. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane, na neno mlilolinyamazia leo litazuka siku ya kuchuma. Kisha mwombe bibi shamba aje alione shamba. Ukipanda kwa nafasi ya futi 27 kila upande, eka moja inachukua kama miche 60. Usiombe zaidi ya hapo. Ukiwepo mkarafuu mkongwe, usiukate bila kibali, sheria hairuhusu.

2. Pima mteremko. Hapa usifanye haraka. Funga vijiti vitatu viwe kama herufi A, na kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha miguu yake juu ya vigingi viwili, tia alama kamba inapogusa kijiti cha kati. Geuza, kila mguu ukae penye kigingi cha mwenziwe, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa. Sasa tembea na kipimo hicho ukikata mteremko, si kuushuka: kila mara kamba ikitulia katikati, piga kigingi. Fuata vigingi, chimba mtaro, udongo uutupe upande wa juu, kisha juu ya tuta panda mananasi au majani ya kushika udongo. Maji ya masika yatasimama hapo na kuzama, badala ya kuteremka na rutuba yako hadi bondeni.

3. Kivuli na mashimo. Panda migomba wakati wa vuli ili masika iwe imeshakua. Mashimo yawe futi mbili kwa mbili. Udongo wa juu utenge, uchanganye na samadi iliyooza sawasawa.

4. Chukua miche masika yanapoanza. Chagua iliyokwisha kuzoeshwa jua kitaluni, ambayo mizizi haijatoboa mfuko. Njiani ifunike, upepo wa gari huunguza majani.

5. Panda jioni. Chana mfuko taratibu, bonge la udongo lisivunjike, kwani mzizi mkuu ukikatika mche hudumaa. Matandazo yakae mbali kidogo na shina. Yakiligusa, mchwa hupata njia.

6. Kiangazi cha kwanza. Januari na Februari mwagilia, hata kopo moja kwa mche kila baada ya siku mbili, na uongeze makuti pale mgomba haujatosha. Mwezi wa Machi hesabu iliyo hai, mpelekee bibi shamba idadi ya mashimo yaliyobaki wazi, naye akuandikie miche ya kujazia kabla mvua hazijashika.