Ukimsaidia ndugu aliyelizwa na mpenzi wa mtandaoni, akaunti yako usiitie

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililonikalisha kuandika. Tapeli hakula hata senti yangu. Mimi nilipokea.

Mama yangu mdogo yuko Tanga, mwalimu mstaafu, mjane. Si mshamba. Zile SMS za "ile hela itume kwenye namba hii" huwa anazisoma kwa sauti sebuleni watu wacheke. Akapata rafiki Facebook: mzungu, mhandisi wa mitambo ya mafuta baharini, kafiwa na mke, ana binti mmoja. Asubuhi "umeamkaje malkia wangu", usiku "umekula nini". Mwezi wa nne ukaja mzigo. Saa, simu mbili na bahasha ya dola, eti umekwama uwanja wa ndege Dar, unadaiwa kodi. Hapo jamani nashindwa. Mtu aliyelipia kiwanja chake kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, anayejua hela ya TRA, mamlaka ya mapato, haipiti popote pengine, katuma "kodi ya forodha" kwenye simu ya mtu. Likatokea jina la kijana wa Kitanzania kabisa, naye akabonyeza namba ya siri. Mara tatu. Milioni sita na laki nne, sehemu ya kiinua mgongo.

Mimi niko Reading, Uingereza. Binamu aliponieleza nikapiga simu, nikafoka, mama mdogo akakata. Wiki mbili hakupokea. Alipopokea alikuwa na habari njema: "Mwanangu, Richard anasema atanirudishia zote, ila benki za kwetu zinamsumbua. Wewe uko Uingereza, akaunti yako haina tabu."

Nikajiona mjanja. Nikasema, ngoja nimpe namba ya akaunti. Isipoingia kitu, mama mdogo atafumbuka macho, na ikiingia, basi labda tumemsingizia mtu wa watu. Kupokea si kutoa, nitapoteza nini?

Jumanne zikaingia pauni 2,350, mtumaji mwanamke nisiyemjua. Richard akasema ni mhasibu wa kampuni. Nimtumie mama mdogo 350, zilizobaki nizipeleke kwenye akaunti ya "wakala wa mzigo", hapa hapa Uingereza. Nikapeleka. Ijumaa, siku ya mshahara, niko dukani na kuku, mchele na mafuta ya kula, kadi ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa. Nyuma yangu foleni ya watu saba, na Waingereza mnawajua: hakuna aliyesema neno, wote wakaanza kuangalia viatu vyao. Nikaacha kuku pale.

Sikiliza vizuri, hapa ndipo wengi wetu tunapoumia. Yule mwanamke hakuwa mhasibu. Alikuwa mama mdogo mwingine, wa hapa, naye kapendwa na Richard wake. Matapeli hawapendi pesa iende kwao moja kwa moja. Wanaipitisha kwa aliyekwisha kuwaamini, au kwa ndugu yake mwenye akaunti safi. Wabeba unga wana punda wao, na pesa chafu ina punda wake. Mjomba wa Reading mwenye mshahara wa kila mwezi na jina lisilo na doa ni punda aliyenona.

Kwa hiyo ndugu yako akikwambia mpenzi wake anataka kurudisha pesa kupitia kwako, kataa. Akisema ni pauni hamsini tu za majaribio, kataa. Akilia, mbembeleze, na uendelee kukataa. Na ikiwa imeshaingia, usiiguse na usiirudishe kwa mkono wako mwenyewe, maana wanaweza kukupa akaunti nyingine ya "kurudishia" na hapo umebeba mzigo mara ya pili. Piga 159, namba inayokuunganisha na benki yako ukishaitaja, waambie imeingia pesa usiyoijua, waishughulikie wao.

Benki ilifunga akaunti na haikusema kwa nini. Nyumbani ungeenda kumwona meneja, ukakaa, ukajieleza, pengine ukatafuta mtu anayemjua mtu. Hapa nilizungumza na sauti tisa tofauti, kila moja inaanza na samahani, na hakuna samahani hata moja iliyofungua mlango. Baadaye nikajua wamefungwa mdomo na sheria ya mapato ya uhalifu ya mwaka 2002: mfanyakazi akimtonya mteja anayeshukiwa anaweza kushtakiwa yeye. Sheria hiyo hiyo inamfikisha anayepitisha pesa chafu hadi miaka 14 jela. Nilipoisoma usiku sikulala.

Benki ya pili ikanikataa ndani ya dakika tano. Hapo ndipo rafiki, Mkenya mmoja, akaniuliza kama nimewaandikia Cifas. Sikuwahi kulisikia jina hilo. Ni rejista ya udanganyifu ambayo mabenki na makampuni mengi hapa yanaichungulia kabla ya kukupa akaunti, mkopo, hata mkataba wa simu. Alama ya upitishaji pesa inaweza kukaa miaka sita, na unaweza usiambiwe kuwa imewekwa. Unaomba taarifa zako mwenyewe kwa kujaza fomu kwenye tovuti yao, bure, na jibu linatakiwa lije ndani ya mwezi. Langu lilikuja na tarehe ya ile Jumanne.

Ukiikuta, unalalamika kwanza kwa benki iliyoiweka. Andika neno "malalamiko" wazi, usiandike barua ya kuomba huruma kama mimi mara ya kwanza. Wakikukatalia, au wiki nane zikipita kimya, unakwenda kwa Financial Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya wateja dhidi ya mabenki, bure pia. Ukishapewa jibu la mwisho la benki una miezi sita, usilale. Hoja ya kushika ni hii: benki haitakiwi kukuwekea alama kwa kushuku tu, inatakiwa iwe na ushahidi wa kutosha kupeleka polisi. Wewe unaonyesha kuwa hukujua.

Na hapa likanikuta la pili. Nitaonyesha kwa ushahidi gani? Ile Ijumaa, kwa hasira, nilimpigia mama mdogo nikamwambia, "Futa kila kitu cha huyo mwizi, futa sasa hivi nikisikia!" Naye, kwa woga, akafuta. Miezi mitano ya ushahidi, kwa amri yangu mwenyewe. Kilichoniokoa ni sauti alizonitumia WhatsApp, ile ya "Richard anasema" ikiwemo, na picha mbili za skrini ambazo binamu alizipiga kwa siri. Nilizitafsiri moja moja, nikaweka tarehe. Miezi saba baadaye alama ikaondolewa. Usimwambie ndugu yako afute chochote, hata kama maneno yenyewe yanatia aibu. Mwambie asijibu tena, mazungumzo yahifadhiwe nje ya simu, kisha ndiyo azuie namba.

Mengine ni ya kawaida. Huko nyumbani, piga huduma kwa wateja wa mtandao wa simu siku hiyo hiyo kabla tapeli hajatoa hela, chukua RB polisi, namba ya tapeli itumwe 15040. Hapa England, ripoti Action Fraud, ambayo sasa inaitwa Report Fraud, 0300 123 2040. Scotland ni polisi, 101.

Ikiwa aliyelizwa anaishi hapa na katuma kutoka akaunti ya hapa kwenda ya hapa, tangu Oktoba 7, 2024 benki zinatakiwa kumrudishia, hadi pauni 85,000, akidai ndani ya miezi 13. Aliyetuma nje ya nchi au kwa sarafu za mtandaoni, kanuni hiyo haimgusi. Kadi za zawadi vilevile. Ndiyo maana Richard wote wanazipenda.

Kuhusu kumfumbua macho, mimi niliharibu kwa kufoka. Ukimwita mjinga anakimbilia kwa yule asiyemwita mjinga. Aliyefanikiwa ni binamu: alikaa naye barazani, akaitafuta picha ya Richard kwenye Google, uso ule ule ukatokea na majina matatu tofauti. Hakusema kitu. Mama mdogo akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaangalia tena. Nchi hii iliteua waziri wa upweke mwaka 2018 na sisi tukacheka, eti wazungu wana mambo. Mama mdogo ana wajukuu wanne nyumbani na hakuna aliyekuwa anamuuliza amekula nini.

Mwezi uliopita akapigiwa na "wakili wa kimataifa" anayerudisha pesa za waliotapeliwa, ada kidogo tu. Hao ni wale wale, orodha ya waliolizwa wanayo. Safari hii alinipigia kwanza.

Na wiki hii kaka yangu wa Dar kaniomba akaunti yangu ipokee pesa ya mteja wake wa gari, siku mbili tu. Nimekataa. Anasema Ulaya imenibadilisha, na hanisemeshi.