Ukiogopa maiki, anzia baharini
Nyinyi mnaopangiwa kuongea mbele ya darasa, skizeni. Mimi nilikuwa nakariri maneno ya wale wahamasishaji wa YouTube, mikono juu, "unaweza!", halafu nikisimama mwenyewe koo lakauka, maana maneno si yangu. Siku hizi jioni naenda zangu Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, naongea kuelekea baharini, upepo ule ukivuma lazima utoe sauti kutoka tumboni la sivyo hata mwenyewe hujiskii, na wauza mihogo washanizoea (mmoja huniuliza leo hotuba ya nini). Sikariri tena, nashika sentensi ya kwanza na ya mwisho tu, katikati nasimulia kisa changu. Na kabla hujafungua mdomo vuta pumzi, hesabu mpaka 3, kimya hicho wewe wakiona kirefu lakini wao wala hawana habari.