SOMO: Kuondoa mikwaruzo kwenye madigadi ya pikipiki ya vumbi

Swali hili halikauki, basi naliweka lote hapa. Madigadi nyingi za pikipiki hizi ni plastiki ya PP (polipropilini), haijapakwa rangi. Rangi imo mpaka ndani. Ndiyo maana mkwaruzo unasagika ukaisha. Geuza kipande usome alama ya aina ya plastiki nyuma kabla ya kuanza.

1. Fungua, osha kwa sabuni, kausha.
2. Bandua stika kwa dryer ya nywele. Gundi itoe kwa mafuta ya kupikia, kisha osha tena.
3. Simamisha wembe wima, uuvute kukwangua nyuzi zilizoinuka kando ya mkwaruzo. Ukiulaza, unachimba.
4. Msasa wa maji: 240, 400, 800, 1500. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanaruka kutoka 240 hadi 1500, wanapiga polishi, kesho juani mistari yote inaonekana. Kila namba isuguliwe kukatisha ile iliyotangulia: 240 kwa urefu, 400 kwa upana. Mistari ya urefu ikiisha kabisa ndipo uende 800. Maji yawe na sabuni kidogo, na msasa usuuzwe kila mara. Ukisugua pakavu, plastiki inapata joto, inalainika na kuota manyoya. Hapo unarudi 240.
5. Polishi ya plastiki kwa kitambaa laini.

MASWALI

– Mkuu, nikitumia grainda si nimalize haraka?
Soma hatua ya 4. Joto.

– Thina je, inafaa kusafishia?
Hapana. PP inavimba, na ABS, aina nyingine ya plastiki, inayeyuka.

– Madigadi ilikunjwa, imebaki na mstari mweupe ambao msasa hauutoi. Kwa nini?
Swali zuri sana, mkuu. Huo si mkwaruzo. Plastiki imevutwa, ndani yake kumefunguka vinafasi vidogo mno vinavyotawanya mwanga, ndiyo unaona weupe. Dawa yake ni joto: mashine ya hewa ya moto, umbali wa sentimita 10 hivi, ukiitembeza bila kusimama. Rangi ikirudi, ondoa. Ukiona uso unaanza kung'aa kama umelowa, umeshachelewa, unayeyuka. Palipokunjwa sana hapatarudi pote.

– Yangu ina ufa karibu na bolti.
Toboa tundu la milimita 3 pale ufa unapoishia, ili ufa usiendelee. Kisha weka washa pana chini ya bolti, na usikaze kupita kiasi.