Kompyuta za ofisini hazipeani mafaili: tafuta kasoro kuanzia chini

Steshenari nyingi za Mwanza, Nyegezi hadi Kirumba, zina mchanganyiko: Windows kaunta, Ubuntu ya kutunzia kazi za wateja, pengine na Mac ya msanifu. Zote zinaongea SMB, lugha ya kupeana mafaili kwenye mtandao. Zikigoma kupeana mafaili, usikimbilie nywila. Anza na njia yenyewe.

Tazama anwani ya IP ya kila kompyuta kwenye dirisha la amri: kwenye Windows andika ipconfig, kwenye Ubuntu ip a. Kwa rauta za kawaida, namba tatu za mwanzo zifanane, mfano 192.168.1. Ukiona 169.254, kompyuta hiyo haijapata anwani kwa rauta, basi kagua waya. Umeme ukikatika na kurudi, rauta inaweza kugawa anwani upya, na njia ya mkato ya jana ikaelekea kusikohusika. Dawa ni kuitengea kompyuta yenye mafaili anwani moja ya kudumu ndani ya rauta. Wi-Fi ya wageni nayo mara nyingi hutenganisha vifaa makusudi.

Sasa achana na majina, fungua kwa anwani. Kwenye Windows ni \\192.168.1.20, kwenye Mac bonyeza Command na K, andika smb://192.168.1.20. Ikifunguka, kasoro ni ya majina tu. Ikigoma, pima mlango wa 445, ambao SMB hupitia, kwa PowerShell, dirisha la amri la Windows:

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445

Ping, amri ya kupima kama kompyuta inajibu, pekee haitoshi, kwani faiwoli ya Windows huweza kuizuia hata mambo yakiwa sawa. Jibu la TcpTestSucceeded likiwa False, huduma imezimwa au faiwoli imefunga. Ubuntu, ambako SMB huendeshwa na programu ya Samba: sudo ufw allow samba, kisha systemctl status smbd. Windows: mtandao uwe Private, na kushiriki mafaili kuwashwe.

Mlango uko wazi lakini nywila inakataliwa? Hapa ndipo wengi hukwama. Samba hutunza nywila zake mbali na zile za kuingilia Ubuntu, hivyo lazima uiweke:

sudo smbpasswd -a jina_la_mtumiaji

Windows haikubali PIN kupitia mtandao. Inataka nywila ya akaunti. Kwenye Mac, ndani ya File Sharing, mtumiaji awekewe alama ya kushiriki na Windows. Windows 11 Pro toleo la 24H2 humkataa mgeni asiye na nywila. Ikiwa Windows inang'ang'ania jina la zamani, net use * /delete hukata muunganisho huo, pamoja na mingine yote, kwa hiyo funga kazi kwanza.

Mtu akikushauri uwashe SMB1, toleo la zamani la SMB, kataa. WannaCry, programu hasidi ya Mei 2017 iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilisambaa kwa kupitia humo. Skana ya zamani isiyojua kingine itumie flashi.

Folda ikifunguka lakini haihifadhi, kumbuka ruhusa ni mbili: ya kushiriki na ya folda yenyewe, na iliyo kali ndiyo hushinda. Kwenye Ubuntu, read only = no ndani ya /etc/samba/smb.conf haisaidii kitu kama mtumiaji hana haki ya kuandika kwenye folda. Ukishabadilisha, endesha testparm kukagua makosa ndani ya smb.conf, kisha sudo systemctl restart smbd.