Paji la uso likiungua: tunaliokoaje kwenye picha za watu?

Jumamosi nilipiga maharusi ufukweni Kibirizi, saa kumi na moja jioni. Wa Kigoma mnajua shughuli yake: jua linazamia ng'ambo, upande wa Kongo, kwa hiyo mteja anapigwa na mwanga wa jua na wa maji kwa pamoja. Pembeni kulikuwa na dagaa wameanikwa, wanameta kama bati jipya. Nafika nyumbani, nafungua kompyuta, paji la uso la bwana harusi jeupe pe! Huko ndiko tunaita kuungua: mwanga umezidi mpaka sehemu ya picha imepoteza rangi.

Wengi hapo hukimbilia kushusha ekspoja, yaani mwangaza wa picha nzima. Usifanye hivyo. Ngozi zetu za maji ya kunde, ukizishusha, upande wa kivuli unageuka majivu, na lile doa la usoni halijaondoka, limekuwa tu la kijivu. Fuata hivi, mimi natumia Lightroom ya kompyuta, programu ya kuhariri picha.

1. Tenganisha kilichoungua na kinachong'aa. Shika kitufe cha Alt huku unasogeza slaida ya weupe (Whites), ile iliyo chini ya shado (Shadows). Kioo kitakuwa cheusi, yabaki madoa tu. Picha ina chaneli tatu za rangi: nyekundu, kijani na bluu. Doa jekundu maana yake ni chaneli nyekundu peke yake iliyojaa. Kijani na bluu bado zina kitu, na hilo linaokoleka. Kwenye ngozi, chaneli nyekundu ndiyo hutangulia kujaa, kwa hiyo usishtuke. Doa jeupe maana yake zote tatu zimegonga 255, kikomo cha juu. Hapo maji yameshamwagika.

2. Shusha hailaiti (Highlights, slaida ya sehemu zenye mwanga mkali), -40 mpaka -60. Nikifika -100 naona ngozi inakuwa kama plastiki yenye vumbi. Ekspoja iguse tu kama uso mzima umepauka, na hapo ianze yenyewe kabla ya hailaiti, -0.3 hivi.

3. Chukua brashi yenye kingo laini, pitisha kwenye paji, pua na mashavu. Hailaiti -30, joto la rangi +5. Hilo joto watu hulisahau, halafu wanashangaa mbona sehemu waliyookoa haina damu.

4. Doa jeupe lililobaki lizibe kwa kifaa kile cha kufutia chunusi: chota ngozi ya jirani, opasiti 40. Usilimalize lote! Uso usio na mng'ao hata kidogo ni picha ya kitambulisho.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mimi napigia simu. Nifanyeje?
Faili la JPEG, ile picha ya kawaida iliyobanwa, lina ngazi 256 tu kwa kila chaneli, wakati RAW (faili ghafi la kamera) ya biti 14 ina 16,384, kwa hiyo wewe huna akiba kubwa. Okoa kabla ya kupiga: gusa uso kwenye kioo, kisha buruta alama ya jua chini kidogo. Kivuli utakipandisha baadaye. Kama simu yako inatoa RAW, iwashe.

Kaka, shela la bibi harusi limepoteza maua yote ya lesi. Yatarudi?
Kagua kwa Alt kwanza. Kama ni RAW na madoa yana rangi, yatarudi mengi. Weka brashi kwenye shela peke yake, uso wa dada wa watu usiuguse. Kama ni jeupe tupu, tafuta picha nyingine ya dakika ileile.

Kamera yangu ilionyesha alama za kuungua zinazowaka na kuzima, lakini kwenye kompyuta sizioni. Imeharibika?
Haijaharibika. Kamera inakuonyesha ile JPEG yake ndogo, RAW inabeba zaidi kidogo. Mimi nikiona kipande kidogo kinawaka na kuzima kwenye pua, napiga tu. Kikiwa shavu zima, napunguza ekspoja.

Na ziwa lililoungua nyuma yao, nalo nilishushe?
Liache, ndugu yangu. Pale jua linapogonga maji hata jicho lako halioni kitu. Nililishusha mara moja, Tanganyika ikawa kama sakafu ya saruji, na bwana harusi akaniuliza tulipigia wapi.