Usifute dumu lililoachwa kichochoroni
Ukitengeneza ramani ya mchezo wa kompyuta, hasa ukiwa umechagua vichochoro vya Mji Mkongwe viwe uwanja wake, usiharakie kufuta vitu ambavyo mchezaji hawezi kuviokota wala kuvitumia. Baskeli iliyoegemezwa ukutani, dumu la maji la lita 20 na ndara zilizovuliwa mbele ya mlango wa kuchonga humpa kipimo cha macho, kwani kuta tupu za chokaa hazimwambii kama jengo ni refu au fupi, ilhali kimo cha baraza, ambacho kila aliyewahi kuikalia anakijua kwa magoti yake, humwambia mara moja. Vitu hivyo pia huwa alama za njia: vichochoro vyetu hufanana mno (hata sisi wenyeji hupotea, ingawa hatukubali), na aliyepita penye bao lililoachwa na kete zake barazani, akilikuta tena, atajua kwamba amezunguka bure.

Kabla ya kufuta kitu, kifiche kwa muda, umpe mwenzako acheze bila kumwelekeza, kisha utazame anakwama wapi. Vile vidogo viondolee uwezo wa kumzuia mchezaji, maana inaudhi sana kukimbizwa na adui halafu ukakwazwa na ndara. Kitu pekee chenye rangi kali kichochoroni kitadhaniwa kuwa kina kazi, kwa hiyo kiweke upande ule unaotaka mchezaji aelekee.